Mhariri, "sorry" siyo samahani kila mara

Mhariri,

Salaam nyingi. Mimi ni msomaji wa gazeti lako wa miaka mingi na kazi yangu ni ukalimani, yaani nakaa katikati ya watu wawili wasioelewana, mmoja na Kiingereza chake mwingine na Kiswahili chake, mimi nabeba maneno kutoka huku napeleka kule. Leo naandika kuhusu neno moja tu, neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, nalo ni "sorry". Naomba univumilie nikiwa mrefu manake hili neno limenisumbua kazini kuliko istilahi zote za sheria na za udaktari nilizowahi kutafsiri.

Kilichonisukuma niandike ni vichwa vya habari. Kiongozi wa nje akisema "sorry", au hata asiposema "sorry" akasema tu "regret", yaani anasikitika, kesho yake tunasoma fulani aomba radhi, serikali fulani yaomba msamaha. Sisi wasomaji tunaamini, tunaanza kubishana huko kwenye magrupu kwamba ahaa, leo wamekiri wenyewe, kumbe aliyesema hajakiri chochote na pengine amekaa na wanasheria wake wiki nzima kuhakikisha hakiri chochote. Kuomba radhi ni tendo zito. Mtu anajishusha mbele ya yule aliyemkosea alafu anasubiri jibu, anaweza kusamehewa na anaweza kukataliwa. "Sorry" inaweza kuwa hilo, na inaweza isilikaribie kabisa.

Ngoja nikueleze kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliitwa hospitali moja kumkalimania daktari mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mgonjwa alikuwa amefariki alfajiri, familia imekaa kwenye benchi la koridoni, mama wa marehemu, baba mdogo wake na vijana wawili. Daktari akaja, akavua miwani, akainama kidogo akasema "I'm so sorry". Basi, hakuongeza kitu. Mimi nilikuwa bado mpya kwenye kazi na kichwani nilikuwa na ile tafsiri tuliyokaririshwa darasani, sorry ni samahani, nikafungua mdomo nikasema: "Daktari anasema samahani sana."

Pakawa kimya. Baba mdogo akaniangalia mimi, akamwangalia daktari, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani ya nini? Kwani kafanya nini?" Kijana mmoja akasimama. Daktari akaona sura zimebadilika, hajui kwa nini, akadhani labda hajasikika vizuri, akarudia tena "I'm very, very sorry", na kila anavorudia ndo anazidi kujitia hatiani mbele ya wale watu, na aliyemtia hatiani ni mimi. Manake kwa Kiswahili ukiomba samahani penye kifo umeshasema una mkono ndani yake. Aliyetuokoa ni yule mama mwenyewe, mfiwa. Alijifuta uso kwa kiganja, akanitazama akasema, "Mwanangu, huyu anatupa pole. Mtazame machoni, anatupa pole. Wewe ndo umekosea neno." Nikamjibu, ndiyo mama, anasema poleni sana, poleni kwa msiba, na mimi ndiye niliyekosea, naomba mnisamehe. Yule kijana akakaa.

Angalia hapo mwishoni, Mhariri. Nilitumia yote mawili kwa mpigo mmoja, pole ya daktari na msamaha wangu mimi, na hakuna hata mmoja pale benchini aliyechanganya lipi ni la nani. Kwa Kiingereza yote mawili yangekuwa "sorry".

Sasa nilivotoka pale sikutulia, nikaanza kulichimba hili neno, na nilichokuta ndo nataka wasomaji wenzangu wakijue. "Sorry" ni la zamani sana, liko tangu Kiingereza cha kale, wakati ule waliliandika "sarig" na lilitokana na "sar", yaani maumivu. Hilo "sar" ndo leo "sore", neno wanalotumia mtu akiwa na kidonda au koo likimuuma. Watu wengi, Waingereza wenyewe wakiwemo, wanadhani "sorry" ni mtoto wa "sorrow", huzuni, kwa jinsi yanavyofanana, lakini hapana, "sorrow" lilitoka kwenye neno lingine, "sorg", ni kwamba tu yamekaa pamoja karne nyingi mpaka yakafanana kama ndugu. Kwa hiyo mtu anaposema "I am sorry", kwa asili ya maneno anasema nina maumivu, moyo wangu unauma. Hajasema nani kakosa. Anaeleza hali yake tu, kama anavyosema nina njaa au nina baridi, na hata kisarufi "sorry" siyo kitenzi, ni kivumishi, huwezi kumsorry mtu. Hapa ndo ilipo shida yote manake moyo unaweza kuuma kwa sababu nimekukosea, unaweza kuuma kwa sababu umefiwa, na unaweza kuuma kidogo tu kwa sababu nakukatalia ombi lako, na kwa Kiingereza yote hayo yanapita kwenye mlango mmoja.

Hata "apology" lenyewe, ambalo leo ndo neno lao rasmi la kuomba radhi, halikuanza hivyo. Linatoka kwenye Kigiriki, "apologia", na maana yake ilikuwa utetezi. Mwaka 399 kabla ya Kristo mwanafalsafa Sokrates alishtakiwa Athens, na maneno ya kujitetea kwake yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Plato yanaitwa hivyo hivyo, Apology, lakini ukiyasoma ukidhani utamkuta mzee anaomba msamaha hutamkuta, anajitetea mwanzo mwisho. Yaani neno la kusema sijakosa ndo limegeuka kuwa neno la kusema nimekosa. Maneno yanasafiri jamani.

Sisi tumegawanya. Pole ni ndugu wa upole na polepole, unapompa mtu pole unamtakia utulivu, ndo maana wengine wanajibu "nimeshapoa". Samahani na radhi zimetoka Kiarabu, na radhi ni kuridhika, ukisema "niwie radhi" unamwomba mwenzio awe ameridhika nawe, yaani uamuzi unao yeye siyo wewe. Pole naitoa mimi, ni yangu, nakupa. Samahani naiomba, ni yako, unaweza kuninyima. Sijui kama tunathamini utajiri huu. Na ukitaka kupima haraka ni ipi, sikiliza jibu. Mtu akikupa pole unajibu ahsante. Akikuomba samahani unamwambia bila samahani, au yameisha, au nimekusamehe. Hakuna anayempa mtu pole ya msiba akajibiwa "nimekusamehe", na ikitokea basi kuna jambo.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwenye Kiingereza chenyewe. Mwingereza mfiwa ukimwambia "I'm sorry" anajibu "thank you", umempa pole. Umemmwagia maji ukasema "I'm sorry" anajibu "that's all right", umeomba samahani. Neno ni moja ila majibu yanakwenda njia mbili, kwa hiyo maana zote wanazo, chupa tu ndo moja.

Na upande wa pili nao tunakosea, sisi tunaokwenda kwenye Kiingereza. Nina mwenzangu kazini, mzungumzaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa, siku moja kajikwaa mlangoni makaratasi yakatawanyika sakafuni, mimi nikaruka "oh, sorry, sorry!" huku nainama kuokota. Akanishangaa, akasema kwani wewe umefanya nini, si kosa lako. Hii inawapata Waafrika wengi sana, mashariki na magharibi ya bara, na waliochunguza Kiingereza cha Afrika wameiandika kama moja ya alama zake. Sisi tunachotaka kusema ni pole, na Kiingereza hakina neno moja la kumpa mtu aliyejikwaa. Wao watauliza uko salama, au watasema "oops", basi. Ukimwambia "sorry" aliyejikwaa mwenyewe anaanza kutafuta ulimsukuma saa ngapi. Alafu papo hapo Mwingereza huyo huyo ukimkanyaga wewe mguu, yeye ndo anaanza kusema "sorry", aliyekanyagwa anamwambia aliyekanyaga! Na pale hajaomba msamaha wala hajatoa pole, anazima tu lile jambo lisikue.

Matumizi mengine nayapitia haraka. Ukisema "sorry?" huku sauti inapanda mwishoni unamaanisha umesemaje, sijasikia, na nimewahi kumwona mkalimani mwenzangu mchanga anaitafsiri "samahani" na upande wa pili wanabaki wanasubiri aendelee kujieleza, kumbe wao ndo wanasubiriwa warudie. Kuna ya kujisahihisha, mtu anasema kikao ni Jumatatu, sorry, Jumanne, hiyo ni "aa, nasema Jumanne". Kuna "sorry, but I disagree", hapo hakuna majuto hata chembe, anakupinga na anajisafishia njia kwanza. Kuna ya barua za kazi, "we are sorry to inform you", sisi husema tunasikitika kukujulisha na ukiona hivyo ujue nafasi kapata mwingine. Kuna ya vitisho, "you'll be sorry", ambayo ni utajuta, majuto ni mjukuu, na atakayeitafsiri hiyo kwa pole au samahani atakuwa amegeuza ugomvi kuwa sala. Na ipo ya zamani ambayo bado inaishi, "sorry" ikikaa mbele ya jina la kitu, "a sorry sight", "a sorry state", hapo kitu chenyewe ndo hoi, duni, cha kusikitisha. Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia, aliitumia kwa mhusika wake Macbeth anapoitazama mikono yake yenye damu baada ya kumuua mfalme, na hapo haombi msamaha, anasema ni kitu cha kutisha kutazama.

Nikae kidogo kwenye vile vineno vinavyofuata baada ya "sorry" manake wanafunzi hawafundishwi na ndivyo vyenye ufunguo. "Sorry to" ikifuatwa na kusikia, "sorry to hear", ni pole. Ikifuatwa na tendo analofanya msemaji mwenyewe, "sorry to disturb you", ni samahani kwa kukusumbua. "Sorry about" iko katikati na inabidi ujue kisa, "sorry about your father" ni pole ya baba, "sorry about the mess" ni samahani kwa vurugu hii. Alafu "sorry for", na hii ndo ya hatari kuliko zote. "Sorry for what I did" ni kuomba radhi safi. "Sorry for your loss" ni pole ya msiba. "I feel sorry for you" ni nakuonea huruma, na ukiisema kwa sauti kavu inageuka tusi, unamwambia mtu umeshamwona ni wa kuhurumiwa. Herufi zile zile. Ukalimani wangu wote kwenye neno hili umefupika kuwa swali moja ninalojiuliza kabla ya kufungua mdomo: jambo lenyewe limetoka mkononi mwa nani? Kama mkono ni wake anayesema, samahani. Kama siyo wake, pole. Kama bado haijulikani, natulia, nasema anasikitika, naacha mlango wazi kama yeye alivyouacha.

Na hii ya mlango wazi ndo inanirudisha kwenye magazeti, manake wanasiasa na mabalozi wanaujua mlango huo vizuri mno.

Chukua mwaka 2001. Tarehe 1 Aprili ndege ya upelelezi ya jeshi la Marekani iligongana angani na ndege ya kivita ya China, rubani wa China, Wang Wei, akapotea, na ile ya Marekani ikatua kwa dharura kisiwa cha Hainan ikiwa na watu 24 ambao China iliwashikilia. China ikasema tunataka muombe radhi, Marekani ikasema hatujakosa hatuombi. Siku zikapita. Tarehe 11 Aprili balozi wa Marekani akapeleka barua yenye "very sorry" mara mbili, moja kwa familia ya rubani na watu wa China kwa kumpoteza, nyingine kwa ndege kuingia anga la China na kutua bila ruhusa ya mdomo. China ikawaambia watu wake wameomba radhi. Marekani ikawaambia watu wake hatujaomba radhi, tumesikitika tu. Watu 24 wakaachiwa. Kila upande ulikuwa na barua ile ile! Sasa fikiria barua ile ingeandikwa kwa Kiswahili. Ile ya kwanza ni pole, haina ubishi, amekufa mtu. Ya pili je? Ungelazimika kuchagua, pole au samahani, na ukichagua tu mmoja kati ya wale wawili anaikataa barua na wale watu wanabaki Hainan. Wakati mwingine utata wa neno ndo dawa, nakiri hilo, sisemi Kiingereza ni kibovu.

Au Australia. Watoto wengi wa wenyeji wa kule, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao kwa miongo mingi ya karne ya 20, na ripoti ya uchunguzi ikatoka mwaka 1997. Wakadai neno moja tu, "sorry". Waziri mkuu John Howard akakataa kulisema kwa niaba ya serikali, akisema kizazi cha leo hakiwezi kubeba hatia ya waliopita, na mwaka 1999 akapeleka bungeni hoja yenye "deep and sincere regret", masikitiko makubwa ya dhati. Watu wakasema hatutaki hilo, tunataka lile. Tarehe 26 Mei wakaifanya siku maalumu na wakaipa jina la neno lenyewe, Sorry Day, tangu 1998, na mwaka 2000 wakati umati mkubwa unavuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney ndege ikaliandika angani kwa moshi, "Sorry", kubwa, juu ya vichwa vyao. Mpaka tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu mwingine, Kevin Rudd, akasimama bungeni akasema "we say sorry", na watu wazima walikuwa wanalia. Sasa mwandishi akitafsiri ya Howard kuwa "aomba radhi" na ya Rudd kuwa "aomba radhi", amefuta miaka yote ile ya kudai. Msomaji wa Kiswahili hatajua walikuwa wanagombania nini.

Na mifano ya karibu ipo. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, William Hague, alilieleza bunge lao kuhusu Wakenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, kwamba watalipwa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na akasema serikali ya Uingereza "sincerely regrets" kwamba mateso yale yalitokea. Inasikitika kwa dhati. Katika taarifa hiyo hiyo akasema wanaendelea kukataa kuwa serikali ya leo inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Hakutumia "sorry" wala "apologise". Hii siyo kuomba radhi, Mhariri, huwezi kuomba radhi na kukana dhima kwa pumzi moja. Ni masikitiko pamoja na malipo, na mtu anaweza kusema ni kitu kikubwa au ni kidogo lakini kwanza ajue ni kitu gani.

Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, mfalme Charles wa Uingereza akiwa Nairobi alisema maovu ya zamani yanamletea "the greatest sorrow and the deepest regret", huzuni kubwa kabisa na masikitiko ya ndani kabisa, akasema hakuna udhuru kwa yaliyotendwa. Maneno mazito, ila ombi la msamaha halimo. Kesho yake tu, tarehe 1 Novemba, rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier akiwa Songea, kwa wajukuu wa waliouawa katika vita vya Majimaji, akaomba msamaha kwa waliyotenda Wajerumani pale, kwa lugha yake ya Kijerumani na kwa neno lisilo na njia ya kutorokea. Siku mbili zinazofuatana, wakuu wa nchi wawili, mmoja amesikitika na mwingine ameomba msamaha. Hii ni tofauti ambayo Kiswahili kinaisema bila jasho, na tukiandika wote wawili waliomba radhi tumewanyima wasomaji wetu habari yenyewe.

Hata wenyewe wenye Kiingereza wamelazimika kutunga sheria kwa ajili ya hili neno. Yule daktari wangu wa koridoni, kumbe huko kwao madaktari wengi waliogopa kabisa kusema "I'm sorry" kwa wafiwa, wakihofia itasomwa mahakamani kama kukiri kosa. Massachusetts kule Marekani walianza mwaka 1986 kuweka sheria kwamba maneno ya huruma hayatakuwa ushahidi wa hatia, Uingereza wakaandika mwaka 2006 kwamba kuomba radhi peke yake siyo kukiri uzembe, mwaka huo huo British Columbia kule Canada nao wakatunga yao na Ontario wakafuata 2009. Ile ya British Columbia ukisoma inavyoeleza maana ya "apology" inaweka kapu moja, kuonyesha huruma, masikitiko, kusema uko "sorry", kujutia na kufariji. Pole na samahani zote ndani. Mimi nilivoisoma nikamkumbuka yule mama wa benchini, ambaye alitenganisha kwa jicho tu kitu ambacho bunge zima limeona bora likifunge pamoja.

Kuna faida nyingine ya Kiswahili ambayo naipenda sana. Mnajua ile ya watu wakubwa, "I'm sorry you feel that way"? Kwa Kiingereza inapita, ina sura ya kuomba radhi, mtu anaridhika nusu. Itafsiri: pole kwa hivyo unavyojisikia. Inavuliwa nguo hapo hapo! Kakukosea yeye alafu anakupa wewe pole, kama vile kilichokupata ni mafua. Ndo sawa na mtu kakukanyaga mguu anakwambia "pole", na sote tunajua jibu lake, pole ya nini wakati wewe ndo umenikanyaga, sema samahani. Watoto wadogo wanalijua hili. Kwa hiyo mkikutana na kauli ya namna hiyo msiirekebishe mkaipamba kuwa ombi la radhi, iacheni ilivyo, wasomaji wataiona wenyewe.

Na kuhusu "sori" yetu hii ya Kiswahili, sina ugomvi na maneno ya kuazima, lugha yetu imeazima tangu enzi na samahani yenyewe ni ya kuazima. Kinachoniuma ni kwamba "sori" imekuja na tabia zake za nyumbani, inameza zote mbili. Mtu kafiwa anaandikiwa kwenye simu "sori", rafiki kakuvunja moyo anaandika "sori", mwanafunzi kachelewa anasema "sori" huku anapita. Nilimuuliza kijana wangu siku moja, umemkosea mwenzio ukamwambia sori, je umempa au umemuomba? Akafikiri muda mrefu, hakuwa na jibu, na siyo mtoto mjinga. Kesho yake nikamsikia kwenye simu anasema "nisamehe bana, nilikosea mimi", na yule wa upande wa pili akanyamaza kwanza kabla ya kujibu. "Sori" haijawahi kumnyamazisha mtu hivyo.

Basi ombi langu, Mhariri, kwako na kwa wale wanaokaa na habari za nje usiku wakitafsiri mbio mbio, najua kazi ni ngumu na muda hakuna. Akisema "regret" andikeni asikitika. Akisema "sorry" kwa janga lisilo la mkono wake andikeni atoa pole. Akisema "sorry" na akataja alichofanya yeye, hapo andikeni aomba radhi, hata kwa herufi kubwa. Na pale penye utata kama barua ya Hainan, wekeni maneno yake kama alivyoyasema alafu mtuambie kila upande umeyasikia vipi. Wenye kutunga vitabu vya shule nao waache ule mstari mmoja wa sorry sawasawa na samahani, ndo ule nilioubeba mimi mpaka kwenye lile benchi.

Yule daktari, kabla sijaondoka siku ile, aliniuliza ni neno gani lilikuwa sahihi. Nikamwambia. Akalirudia mara tatu nne, anakosea kosea mwishoni, anaiburuta ile "e", alafu akarudi koridoni peke yake bila kuniita. Sikumfuata, nilimsikia tu kutoka mlangoni anasema "pole, mama", na mama akajibu "ahsante, mwanangu".

Ni mimi msomaji wako,
Mkalimani